Sogea Taratibu, Hapo Ni Kwake: hotuba yangu kwa wapiga picha wenzangu, Tanga

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi hapa Tanga kwenye mkusanyiko wa vijana wanaojifunza picha. Walioshindwa kufika wameniomba niiweke yote, basi naiweka kama nilivyoisema, picha nilizokuwa narusha ukutani tu ndio hazipo.

Asalaam aleikum jamani, habari za asubuhi. Walimu wangu shikamooni. Mama shikamoo, nakuona hapo nyuma, asante kwa kufunga genge leo ukaja.

Mi ni mwanafunzi wa picha mwaka wa pili, kazi ninayoihangaikia ni picha za karibu za wanyama, na nikisema wanyama msifikirie simba, simba ana wapiga picha wa kumtosha. Nasema vunjajungu, buibui, kinyonga, chura, nyigu anayejenga kidongo chake kwenye fremu ya dirisha lako. Hawa ndio majirani zetu, tunalala nao, tunakula nao, halafu ukimuuliza mtu jicho la panzi likoje hajui. Umeishi na panzi miaka ishirini na kitu, hujui jicho lake likoje! Hebu jiulize hapo ulipokaa, unajua?

Nilipoanza mimi pia nilikuwa sijui. Nilianza na vunjajungu nyumbani kwenye ua wa michongoma, kwetu tulikuwa tunaambiwa ukimgusa utavunja chungu kwa hiyo utoto wangu wote nilikuwa nampita mbali. Siku hiyo nikamuona kakaa juu ya mchongoma kakunja mikono kama mtu yuko kwenye swala, nikatoa simu nikazuum, nikapiga, nikazuum tena, nikapiga. Nikapata kitu cha kijani kilichotawanyika kama uji. Nikadhani tatizo simu. Nikaazima kamera kwa mwenzangu, ile ya lensi ya kawaida ya 18-55 inayokuja nayo dukani, matokeo yakawa yaleyale, kamera inazunguka zunguka inatafuta fokasi, yaani mahali picha inapokuwa kali, haipati kwa sababu lensi ile haikutengenezwa kuona kitu kilicho karibu kiasi hicho.

Mwalimu akanionyesha kitu ambacho mpaka leo naona ni zawadi kwa mwanafunzi asiye na hela. Ile lensi ya 18-55 unaigeuza, mbele inakuwa nyuma, unaishika na ringi ya bei ndogo tu inayofungwa kwenye kamera, basi lensi iliyokuwa inapunguza dunia ikae kwenye picha sasa inakuza. Kamera na lensi haviongei tena hapo, fokasi ya otomatiki imekufa, kila kitu ni mikono yako. Na inabidi usogee mpaka sentimita nne, tano hivi kutoka kwa mnyama. Sentimita nne jamani! Pima kwa vidole vyako hapo, ni kama vidole viwili vitatu, huo ndio umbali kati ya kioo chako na uso wa mtu ambaye hakukualika.

Na hapo ndipo nilipokutana na milimita. Ukipiga mdudu mpaka taswira yake kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, inakuwa na ukubwa uleule alio nao yeye mwenyewe, sehemu inayokuwa kali kwenye picha, hata ukiwa umefunga apecha, lile tundu la lensi linalopitisha mwanga, mpaka f/8, haifiki milimita moja. Haifiki! Ukivuta pumzi imehama, moyo wako ukidunda imehama, upepo ukipita kwenye jani ndio usiseme. Siku ya kwanza nilipiga picha zaidi ya mia tatu nikarudi na moja iliyo kali, na kilichokuwa kikali ni goti. Nikawa na goti la vunjajungu, zuri kweli, uso wote ukungu.

Nilivyojifunza kuishi na hiyo milimita ni hivi, na hii waandikieni wenzenu ambao hawapo. Acha kuzungusha ringi ya fokasi, iache imetulia, halafu wewe mwenyewe ndio uwe fokasi, unaegemea mbele kidogo kidogo kwa mwili mzima kama mtu anayenusa chakula, unapiga pale jicho linapokuwa kali. Mkono wa kushoto ushike kile kijiti alichokaa mnyama, na lensi uilaze juu ya mkono huohuo, kwa hiyo upepo ukija mnyumbuke wote pamoja, kijiti na wewe na kamera. Tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, mi nimeiacha nyumbani kabisa, ukimaliza kuifungua vunjajungu kashahama mtaa. Flashi unaihitaji maana ukifunga apecha mwanga unaisha, lakini flashi tupu inaunguza picha, mgongo wa mdudu unakuwa na doa jeupe kama kioo. Mimi nimekata dumu jeupe la mafuta ya kupikia la lita tano, nimelifunga mbele ya flashi kwa mpira, mwanga unapita unalainika unamfunika mnyama kama wingu. Hilo dumu limenisaidia kuliko kitu chochote nilichonunua.

Na muda. Amka! Hawa wadudu hawana joto lao wenyewe, wanasubiri jua liwapashe, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi umande ukiwa bado yuko pale kashikilia jani lake hawezi kukimbia hata akitaka. Saa nne ukija utaimba.

Basi yule vunjajungu, baada ya wiki kama tatu za alfajiri, nikampata jicho. Na kwenye jicho kulikuwa na kidoti cheusi kinaniangalia. Nikasogea kushoto, kidoti kikanifuata, kulia, kikanifuata. Nilisimama pale michongoma inanichoma nikawa nimesahau kupiga. Baadaye ndio nikasoma kwamba kile sio mboni, jicho lake limejengwa kwa vijicho vingi vidogo kama sega la nyuki, vile vinavyokuelekea wewe moja kwa moja vinaumeza mwanga ndio vinaonekana vyeusi, kwa hiyo popote utakaposimama utaona doti inakutazama. Sawa, sio mboni. Lakini mi nawaambia ule ndio wakati nilipoacha kumuita mdudu. Nilikuwa naangaliana na mtu.

Sasa niwaambie la pili, hili linaniuma na nimefikiria sana kama niliseme hapa mbele ya walimu, nimeona niliseme.

Mwaka jana nilikwenda Amani, kule juu Usambara Mashariki, unapandia Muheza. Wengine mnaijua, Wajerumani waliweka kituo chao cha utafiti wa kilimo kule mwaka 1902, miti ya kila nchi imepandwa pale, na tangu 1997 ni hifadhi ya mazingira asilia. Kwa mtu wa picha za karibu Amani ni peponi. Kuna kinyonga wa pembe mbili anaishi milima ile, na jamani mnajua jenasi yake, yaani kundi lake la kitaalamu, wanasayansi wameiitaje? Kinyongia. Neno letu! Mwaka 2006 waliwatenga hawa vinyonga wa milima ya huku kwetu kwenye kundi lao, wakatafuta jina, wakachukua neno analolisema bibi yako. Profesa popote duniani akitaka kumtaja huyu mnyama kwa jina la kitaalamu lazima aongee Kiswahili kidogo.

Basi nikafika, kijana mmoja wa njiani akaniambia dada unatafuta kinyonga, nikasema ndio, akaingia kichakani akatoka naye mkononi. Nikamuweka kwenye kijiti nilichokichagua mimi, chenye majani mazuri, nyuma nikaacha kijani kitupu. Kinyonga akawa anabadilika rangi, anakuwa mweusi mweusi, akaachama mdomo, akavimba, akayumba. Nilifurahi! Nikapiga nusu saa nzima. Ile picha nilivyoirusha kwenye simu zenu nyinyi wenyewe hapa mliisifia, mlisema yaani anaunguruma, huyu dragoni. Ndio picha yangu iliyopendwa kuliko zote mpaka leo.

Miezi miwili baadaye nikarudi Amani na safari hii nilipelekwa na mzee mmoja anayeongoza wageni msituni, ameishi pale maisha yake yote. Jioni tumekaa nikamuonyesha ile picha kwa majivuno kabisa. Akaishika simu, akaiangalia muda mrefu, akasema, "Mwanangu, huyu anaogopa." Basi. Hakuongeza neno. Akanirudishia simu.

Huyu anaogopa. Mi nilikuwa nimeiangalia picha ile mara mia, nimeisafisha, nimeikata, nimeiweka mwanga, na sikuona. Tunafikiri kinyonga anabadilika rangi ili afanane na jani, wengi wetu ndivyo tulivyofundishwa, lakini rangi zake nyingi ni hali yake, joto, baridi, hasira, hofu, kutaka mwenza. Akishikwa anakuwa mweusi na anaachama kwa sababu hana silaha nyingine, meno yake madogo, mbio hana, kilichobaki ni kujifanya mkubwa. Nilichokiita dragoni kilikuwa kiumbe kinachoomba kiachwe. Na mimi nilikuwa sentimita thelathini mbele yake na flashi.

Jamani, hivi picha ngapi za karibu mnazozipenda ziko hivyo? Vyura waliopangwa mgongoni juu ya konokono, mdudu aliyetiwa kwenye friji apoe atulie ndio apigwe, chura kakaa wima kashika ua kama mwavuli. Chura hashiki mwavuli! Kuna mtu kamuweka, na aliyemuweka alikuwa anamfanya nini dakika kumi kabla hatuoni. Picha ya karibu ina hatari hii kuliko picha nyingine yoyote, maana wa karibu unamfikia kwa mkono. Tembo huwezi kumpanga.

Yule mzee usiku ule alinipeleka tena na tochi. Akaniambia usimguse, usivunje tawi, angalia tu. Vinyonga usiku wanalala kwenye ncha za vijiti na rangi zao zinapauka, kwa hiyo tochi ikipita unawaona weupe kwenye giza kama karatasi zilizonasa. Tukawa tunawahesabu wamelala, macho yamefungwa, mkia umekunjwa kama mkebe wa uzi. Nilipiga picha tatu tu kwa mwanga hafifu wa pembeni, akasema inatosha, tukaondoka. Alfajiri tukarudi kwenye kijiti kilekile tukakaa chini kwenye majani maji, mimi na yeye, kimya, zaidi ya saa nzima, mpaka jua likafika. Yule kinyonga akaamka. Jicho moja kwanza. Likazunguka likaniangalia, lingine likawa linaangalia nyuma huko, kwa sababu kila jicho lina safari yake. Rangi ikaanza kupanda taratibu kutoka ubavuni, kijani, halafu njano kidogo. Akanyanyua mkono mmoja, akausimamisha hewani kama anafikiria, akaukanyaga mbele. Akaja upande wangu. Mimi sikusogea hata kidogo, yeye ndio alinisogelea mpaka akaingia kwenye fokasi yangu mwenyewe.

Hiyo picha haijasifiwa sana. Hakuna mdomo wazi, hakuna weusi, ni kinyonga anatembea asubuhi. Lakini mkinifukuza chuo leo nikaambiwa chukua picha moja uondoke nayo, nachukua hiyo.

La tatu ni kuzionyesha, na hapa naomba mnisikilize maana wengi tunafikiri kuonyesha ni kuposti halafu basi.

Mi naishi hosteli na wenzangu watatu, mmoja wao buibui akimuona ukutani lazima ndala iruke. Siku moja nikamwambia ngoja, nikampiga yule buibui mrukaji picha, wale wadogo wanaoruka ruka hawatandi utando wa kunasia, nikamuonyesha kwenye laptopu uso mzima. Macho manane, mawili ya mbele makubwa kama taa za Skania, kope kope za manyoya, anakuangalia kwa mshangao. Akasema, "We, huyu mbona ana sura?" Ana sura! Nikamsimulia kwamba pembezoni mwa Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, kuna ndugu wa huyu ambaye chakula anachokitafuta ni mbu jike aliyekwisha shiba damu, wanasayansi wakiwa pale Mbita, Kenya, waliliandika hilo mwaka 2005, na baadaye wakakuta hata harufu ya soksi iliyovaliwa inamvutia, maana penye binadamu ndipo penye mbu walioshiba. Sisemi wa hosteli kwetu ndio yule, sio yule. Lakini ndala ile haijaruka tena. Mwenzangu sa hivi ndio ananiita, njoo yupo dirishani, njoo haraka.

Halafu kuna bibi mmoja kijijini chini ya Amani, ana shamba la iliki, mi namuita bibi tu. Nilipopita shambani kwake aliniambia wazi kwamba kinyonga akimuona anampiga panga, kwa sababu tangu mtoto aliambiwa ni nuksi na akikushika hakuachii. Sikubishana naye, mimi ni nani. Nilirudi mjini nikachapisha ile picha ya asubuhi kwenye karatasi kubwa, nikampelekea na kilo mbili za sukari. Nikamwambia, "Bibi, huyu ni wa shambani kwako, mita mia kutoka jikoni." Aliichukua akatoka nayo nje kwenye mwanga. Kilichomshika sio rangi wala pembe, ilikuwa mikono. Kinyonga vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili, mkono wa mbele vitatu kwa ndani na viwili kwa nje, miguu ya nyuma kinyume chake, anabana kijiti kama koleo. Bibi akawa anavihesabu kwa ukucha. Akasema, "Kumbe anashika kama mimi ninavyoshika jembe." Akaniuliza anakula nini, nikamwambia nzi, panzi, wadudu wa mimea yako. Akanyamaza. Akaibandika ukutani kwa wali uliokauka kidogo, karibu na kalenda.

Watu elfu ngapi wameipenda picha kwenye simu sijui, lakini watu wanaoamua kama yule kinyonga ataishi au atakatwa ni pengine kumi, na wote wanakaa pale chini ya Amani na wengi hawana bando. Sasa mnaona picha ilitakiwa iende wapi kwanza?

Kuposti naposti pia, msinielewe vibaya. Kuna iNaturalist, ni tovuti na programu ya simu, unaweka picha yako na mahali na tarehe, watu wanakusaidia kumtambua mnyama na wanasayansi wanatumia hizo kumbukumbu. Ilianza 2008 kama kazi ya mwisho ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wanafunzi kama nyinyi. Wanyama walio hatarini inawaficha mahali halisi walipo, na hilo ni muhimu kuliko mnavyofikiri. Baada ya kuposti yule wa pembe mbili nilipata ujumbe kwa mtu nisiyemjua, anasifia, halafu wa pili anauliza ni mti gani hasa, halafu wa tatu anataja hela. Tanzania ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, lakini mtu anayetaka kinyonga kwenye boksi hasubiri ruhusa. Na simu yako ikiwa imewashwa lokesheni inaandika ndani ya picha mahali hasa ulipokuwa umesimama. Kwa hiyo zima lokesheni, na ukiulizwa wapi sema Usambara, milima ni mikubwa.

Mnisamehe nakwenda mrefu, moja tu la mwisho. Mnamjua chura wa Kihansi? Nyoosheni mikono. Sita, saba. Kwenye korongo la Kihansi, Udzungwa, kuna chura wa njano ambaye akiwa mtu mzima hafiki sentimita tatu, hatagi mayai, anazaa watoto kabisa, wadogo kama kichwa cha pini. Duniani kote alikuwa anaishi pale tu kwenye manyunyu ya maporomoko, wakamgundua 1996. Likaja bwawa la umeme, maji yakageuzwa, manyunyu yakapungua, ukaja na ugonjwa wa kuvu. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa zoo ya Bronx kule New York, na 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Watoto wa wale waliochukuliwa ndio walirudishwa nyumbani na kuanza kuachiwa korongoni 2012. Umeme wa Kihansi unaingia kwenye gridi ya taifa, kwa hiyo inawezekana hata projekta hii imewaka kwa maji yaliyokuwa yanamnyunyizia yeye. Na kwenye chumba cha watu wanaosoma picha mikono imenyooka saba. Ni nchi yetu, ni chura wetu, na uso wake hatuujui. Sijawahi kumpiga, kule huingii hivi hivi, lakini barua ya kuomba nimeshaandika na mwalimu ameisoma mara mbili.

Bibi wa iliki alinipigia mwezi uliopita kwa simu ya mjukuu wake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, akamkuta kinyonga katikati ya barabara ya lori la chai. Akakata kijiti, akakiweka mbele yake, akamsubiri apande mwenyewe, akasema alichukua muda mrefu kweli kupanda, mpaka uji ukaungua. Akamvusha. Akaniuliza kama alimvusha upande sahihi, nikamwambia upande aliokuwa anauelekea ndio huohuo. Akasema, "Basi nilipatia. Na hakuwa mweusi."

Kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri mi niko kwenye mikoko pale nyuma, kuna kaa wadogo wanatoka maji yakipwa. Anayetaka aje, viatu vya kufunika, tochi, na kama una dumu la mafuta limekwisha usilitupe, njoo nalo nitakukatia. Asanteni sana.